Boma la Kuazima

Sehemu ya sita

Kama wiki iliyopita hukulipata gazeti, usihangaike kulitafuta. Nitakupa kwa ufupi, maana aibu yangu haihitaji kurasa nyingi.

Mimi ni Mwalimu Heri. Nasimamia shule shikizi ya Kwemshindo, juu kabisa mlimani, ambako ukungu wa mwezi wa sita huingia darasani kabla ya wanafunzi. Nasema darasani kwa heshima tu. Tunasomea kwenye ghala la zamani la kabichi. Watoto wakifika darasa la nne inabidi washuke bondeni kwenye shule mama, mwendo wa saa mbili na mto katikati. Masika iliyopita mto ulichukua kivuko cha miti, wakakaa nyumbani wiki tatu.

Sera ya serikali haina mafumbo. Wananchi wakipandisha boma mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, serikali inaleta bati, mbao, saruji ya sakafu na milango. Likiisha, tunaombewa usajili. Tukisajiliwa, tunapata ruzuku yetu wenyewe, walimu wetu wenyewe, na chaki ambazo hatuendi kuziomba kwa mtu.

Boma letu limekwama kwenye madirisha, na kosa ni langu. Nilipanga msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, siku ya Alhamisi kwa kuwa Alhamisi sina vipindi vingi. Alhamisi ni siku ya gulio. Mimi, mtoto wa mama muuza mapeasi, nikasahau gulio! Kijiji kizima kilishuka na karoti zake, nikabaki mimi, koleo moja na mbuzi wa jirani. Nilipoita tena Jumatatu, watu walikuwa wameshanuna.

Halafu ofisi ikaomba picha za maboma yaliyofika lenta, mwisho saa sita mchana. Nikateremka kwenye ile miti ya miwati nyuma ya msikiti, ambako kuna boma zuri la mtu, limekamilika kila kitu isipokuwa paa. Watu walisema ni la kijana wetu mmoja aliyeko Dar. Nikapiga picha, nikatuma. Nilijiambia kuwa naazima picha tu, boma lenyewe naliacha palepale.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikia yaliyofuata.

Simu iliita Jumanne saa mbili asubuhi, nikiwa ubaoni na hesabu za kutoa.

“Mwalimu Heri? Injinia Jenoveva hapa, halmashauri.”

“Shikamoo, Injinia.”

“Marahaba. Hongera bwana! Katika maboma yote niliyoletewa, lako ndilo zuri. Kona zimenyooka kabisa. Fundi wako nani?”

“Timotheo,” nikajibu, na hapo sikudanganya. Lile boma kweli alilijenga Timotheo.

“Nakuja Alhamisi kuliona. Nikilipitisha, bati zinapakiwa wiki hiyohiyo. Mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa mwezi, unajua. Nisipolipitisha, zinakwenda kijiji kingine.”

“Alhamisi hii?”

“Kwani wewe unayo nyingine?”

Nikacheka. Watoto nao wakacheka kwa kuwa mwalimu wao amecheka. Kisha nikafuta ubao mzima, pamoja na maswali ambayo walikuwa hawajayanakili.

Nilimkuta Fundi Timotheo anachonga fremu ya mlango kwake.

“Fundi, kutoka kwenye madirisha mpaka lenta ni siku ngapi?”

“Tofali zipo?”

“Zipo.”

“Watu wapo?”

“Wamenuna.”

“Basi mgosi, ngoja waache kununa.” Akapuliza vumbi la mbao. “Unataka lini?”

“Alhamisi.”

Timotheo aliweka randa chini. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na hapo aliyatumia yote.

“Ukuta naweza kukupandishia kesho ukinipa watu arobaini. Lenta siwezi. Zege likimwagwa leo halibebi kitu kesho, hata ulisimamie na Biblia. Kwa nini usimwambie huyo injinia ukweli?”

“Atachukua bati zake.”

“Basi kamwombe mwenye lile boma uliloliiba.”

“Sikuliiba, nimeliazima. Ni la nani?”

“Nimeapishwa,” akasema, akachukua tena randa yake.

Sikuhitaji kumsumbua. Saa saba mchana, watoto wakiwa kwenye uji, mwenye boma alikuja mwenyewe.

Alikuwa Mzee Abubakari. Kwa msiomjua, ni mzee wa kahawa na ng'ombe wawili, mtu wa safu ya mbele msikitini. Ila sifa yake kubwa hapa kijijini ni mke wake. Bi Mwanaidi ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Ndiye aliyevamia mkutano wa kata akasema hatoki mpaka Kwemshindo ipewe shule. Tofali la kwanza la boma letu alilibeba yeye kichwani, na mjukuu wake ndiye anayekaa dawati la mbele darasa la tatu. Mwakani, mto ule unamngoja yeye.

Bahati yangu, Bi Mwanaidi alikuwa Mazinde wiki mbili kwa binti yake Rahma aliyejifungua. Ndiyo maana nilipata ujasiri wa kupiga picha.

“Shikamoo, mzee.”

Hakuitikia. Alinipa simu yake. Ilikuwa ile picha yangu, ambayo ofisi ilikuwa imewarushia wenyeviti wa kamati, na chini yake sauti ya Bi Mwanaidi aliyoirekodi kutoka Mazinde, analia kwa furaha na kumtaja Mungu.

“Hili boma ni la nani?” Mzee Abubakari akaniuliza.

“La shule, mzee.”

“Litazame vizuri.”

“La… la yule kijana wa Dar.”

“Mimi ndiye kijana wa Dar.”

Nikamtazama. Ana ndevu nyeupe mpaka kifuani.

Akanishika mkono, tukazunguka nyuma ya ghala. Huko akaangalia kulia na kushoto, ingawa waliokuwepo ni kuku tu.

“Nataka kuoa,” akasema.

“Lakini mzee umeoa.”

“Nataka kuongeza. Dini inaniruhusu. Huyo bibi ninayemtaka amenipa sharti, nyumba kwanza, tena iezekwe, ndipo nikah ifungwe. Na Mama Rahma hajui.”

“Utamwambia lini?”

“Bati zikishapanda. Mtu akiona bati zimepanda hana la kusema.” Akafuta jasho, na baridi yote ile. “Sasa wewe umenifanyia nini? Ukisema boma si la shule, mke wangu atauliza ni la nani. Ukisema ni la shule, nimepoteza nyumba.”

“Nisamehe, mzee. Sasa tufanyeje?”

“Ungeanza kwa kutopiga picha.”

Tulikaa juu ya magunia, wanaume wawili waongo, tukapanga. Injinia akija Alhamisi tumwonyeshe boma la kwenye miwati. Akishalipitisha na bati zikija, tuzishushie kwenye boma la kweli, ambalo kufikia hapo litakuwa limefika lenta. Bi Mwanaidi harudi mpaka Jumamosi. Hakuna atakayeumia.

“Na huyo bibi ni nani?” nikauliza tulipokuwa tunainuka.

Mzee Abubakari alinitazama usoni, akasema taratibu, “Hilo usiniulize, mwanangu.”

Siku zote huniita Mwalimu. Nilidhani ni majonzi.

Jioni hiyo nilikula bila kusikia ladha. Mimi na mama tumepanga vyumba viwili karibu na kinu. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walichukua nyumba na shamba kabla ya hitma, mama akatoka na masufuria yake na mimi mkononi. Toka siku ile ana msemo wake mmoja. Kila akiongeza mkaa jikoni husema, “Nitakufa nimelala chini ya paa langu mwenyewe.” Nimeusikia tangu nikiwa darasa la kwanza.

“Heri, wewe si mwalimu wa hesabu?” akaniuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Madirisha matano ya futi nne nne, ukitaka pazia lijikunje vizuri, kitambaa mita ngapi?”

“Zidisha mara mbili kwa ajili ya mikunjo. Futi arobaini. Mita kumi na mbili na ushee.”

“Ahsante, mwanangu.” Akafunga fundo kwenye kona ya khanga kujikumbusha.

Vyumba vyetu vina madirisha mawili, tena madogo. Mwalimu wa hesabu angeliona hilo. Lakini mwalimu wa hesabu alikuwa anafikiria lenta.

Jumatano alfajiri mama alijitwika tenga la mapeasi akashuka bondeni. Kila wiki hulala kwa dada yake ili awahi gulio. Nilimuaga nikaenda shule, na saa nne hivi nikasikia bodaboda inapanda mlima inalia kwa uchungu.

Ilikuwa imembeba Bi Mwanaidi na begi lake.

“Mwalimu!” akapiga kelele kabla hajashuka. “Nimeshindwa kungoja Jumamosi! Nimemwambia Rahma, mwanangu, mtoto anyonye tu, mimi naenda kuona boma!”

“Shikamoo, Mwenyekiti. Karibu. Pole na safari.”

“Marahaba, marahaba. Wiki mbili tu nimekaa Mazinde, mmepandisha mpaka lenta! Na mimi nilikuwa nawasema vibaya huko. Mungu anisamehe.” Akaingia ghalani, akaweka begi lake juu ya dawati langu, akatoka tena. Akatazama kulia, liliko boma la shule. Nalo likamtazama, na madirisha yake yasiyo na kitu juu.

“Mbona lile bado?”

Wasomaji, nakiri. Wakati huo nilikuwa tayari kusema ukweli. Mama huyu alikuwa amepanda magari matatu kwa ajili ya picha yangu, na furaha yake ilinichoma kuliko ambavyo hasira yake ingenichoma.

“Mwenyekiti, kuhusu ile picha, kuna jambo nataka…”

“Tulihamisha kiwanja!”

Alikuwa Mzee Abubakari, anakuja mbio kutoka njia ya juu, kofia mkononi.

“Mmehamisha kiwanja?” Bi Mwanaidi akamgeukia mumewe. “Mmehamishia wapi?”

“Kule kwenye miwati.”

“Kwenye miwati kwa nani?”

Mzee alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

“Kwangu,” akasema.

“Kwako? Baba Rahma, wewe una kiwanja kwenye miwati?”

“Nilikinunua.”

“Ukajenga?”

“Nikajenga.”

“Bila kuniambia?”

“Nilitaka iwe siri.” Akageuzageuza kofia mkononi. “Ni sadaka. Kwa ajili ya watoto.”

Bi Mwanaidi alikaa kwenye jiwe. Akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Si kilio cha kwenye simu, kilio cha chinichini.

“Miaka ishirini na saba,” akaniambia mimi, “miaka ishirini na saba nimeishi na huyu mtu nikidhani hana hili wala lile. Kumbe amekaa kimya tu, anawajengea watoto shule.”

Mzee Abubakari alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Nilimwonea huruma na nilijionea aibu, vyote kwa pamoja, na bado sikufungua mdomo.

Bi Mwanaidi hakufungua hata begi lake. Liliachwa palepale juu ya dawati. Kufika adhuhuri alikuwa amepita msikitini, amepita kwa kwaya ya Walutheri, amepita kinuni na kwenye duka la dawa za mifugo. Kufika alasiri watu sitini walikuwa kwenye miwati na mapanga, wanafyeka njia ya gari. Watu walewale waliokuwa wamenuna. Kila aliyefika alimpa Mzee Abubakari mkono, naye alipokea kila mkono kama anapewa pole ya msiba.

Timotheo alipita karibu yangu na jembe begani.

“Mimi sijasema kitu,” akasema.

Alhamisi Injinia Jenoveva alifika saa tano na gari la halmashauri. Ni mwanamke mfupi mwenye buti kubwa na futi ya chuma mfukoni. Wale watu sitini walikuwa wameacha gulio kumngoja, na watoto walimwimbia. Bi Mwanaidi alimvika shada la maua. Mzee Abubakari alisukumwa mbele apige naye picha.

Kisha Injinia akaingia ndani ya boma na kuanza kupima, na mimi nyuma yake na daftari.

“Hapa pembeni pa kutokea moshi, ni nini?”

“Jiko, Injinia. Watoto wanakunywa uji.”

“Na hili shimo la bomba, ndani ya nyumba?”

“Choo. Kwa ajili ya usafi.”

“Na hiki chumba kinachotazama bonde?”

“Cha kupumzikia,” Mzee Abubakari akadakia kutoka mlangoni.

“Anapumzika nani?”

“Mwalimu.”

“Mwalimu ana bahati.” Akaendelea na futi yake. “Madirisha matano. Futi nne, futi nne, futi nne…”

“Mita kumi na mbili na ushee,” nikasema.

“Nini?”

“Hapana, Injinia. Hakuna kitu.”

Lakini mkono wangu ulisimama juu ya daftari. Kuna kitu kilikuwa kinanijia na mimi nakisukuma kirudi.

Injinia alinivuta kando, kwenye kile chumba cha kutazama bonde.

“Mwalimu, nimejenga madarasa mengi na nyumba nyingi. Darasa halina chumba cha kulala.”

“Injinia, naomba nikueleze.”

“Usinieleze. Ukinieleza itabidi niandike.” Akagonga ukuta wa ndani kwa kiganja. “Huu haubebi kitu. Ukivunjwa, napata darasa kamili na ofisi. Kazi ni safi, nondo zipo, lenta ipo. Boma lilianza likiwa nini, hilo halinihusu. Linalonihusu ni moja tu. Ni la nani? Serikali haiezeki nyumba ya mtu. Mwenye kiwanja anasaini fomu kwamba ameipa shule, mbele ya kamati, leo, au natafuta kijiji kingine.”

Tukatoka nje. Akaita watu wasogee. Akatoa fomu na kuiweka juu ya boneti ya gari.

“Mwenye kiwanja ni nani?”

“Mume wangu!” Bi Mwanaidi akajibu, na watu wakapiga makofi.

“Hati ya mauziano ipo?”

“Ipo,” Mzee Abubakari akasema haraka, “lakini iko mbali. Nimeiweka mahali. Nitaitafuta, Injinia, nikuletee hata mwezi ujao…”

“Baba Rahma, mbona unahangaika?” Bi Mwanaidi alikuwa anacheka. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. “Ilikuwa kwenye koti lako la Ijumaa, mfuko wa ndani. Nimeikuta leo alfajiri nikitaka kulifua ili upendeze mbele ya wageni. Sikuisoma, miwani yangu ilibaki Mazinde. Lakini nikaona muhuri wa kijiji, nikasema hii itahitajika.”

Mzee Abubakari alinyoosha mkono kuidaka. Injinia aliiwahi.

Akaisoma kimya. Akainua uso, akamtazama mzee, akaisoma tena.

“Hapa mnunuzi si Abubakari,” akasema.

“Si yeye?” Bi Mwanaidi akauliza. “Ni nani?”

“Mnunuzi na mmiliki wa kiwanja: Salama Ramadhani.”

Akawageuzia watu karatasi waione.

Kwemshindo kuna Salama Ramadhani mmoja tu. Nimekaa tumboni mwake miezi tisa.

“Salama yupi?” Bi Mwanaidi akauliza, ingawa alikuwa tayari ananitazama mimi.

“Mimi,” ikajibu sauti kutoka njia ya chini.

Mama alikuwa anapanda kwa haraka, anahema, mikono mitupu. Tenga la mapeasi alikuwa ameliacha gulioni. Nilijua mara moja kilichotokea. Habari ya sadaka ya Mzee Abubakari ilishuka mlima pamoja na karoti, ikamkuta mama kwenye biashara yake, watu wanamsifia mtu aliyetoa nyumba ya kwenye miwati iwe shule.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Abubakari.

“Umeigawa nyumba yangu?”

“Salama, si mimi. Ni huyu mwanao na picha yake.”

Hapo ndipo mama akanitazama, na mbele ya watu sitini, injinia mmoja na darasa la kwanza mpaka la tatu, niliyasema yote. Gulio nililolisahau, picha niliyoipiga, uongo wa nyuma ya ghala. Nilisema boma la shule halijafika lenta na sikujua nyumba hii ni ya nani.

“Ulitumwa darasa,” mama akasema, “ukapiga picha nyumba ya mama yako.”

“Ndiyo, mama.”

“Na pazia ulinipigia hesabu wewe mwenyewe.”

“Ndiyo, mama.”

Kuna mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

Mama akamgeukia Injinia. “Nikisaini hapa, watoto wanapata bati?”

“Kabla mwezi haujaisha, mama.”

“Nisiposaini?”

“Zinakwenda kwingine. Na sitamlaumu yeyote. Nyumba ni yako.”

Mama alitazama nyumba yake. Aliitazama kona kwa kona, dirisha kwa dirisha, na mimi nilijua anasikia nini kichwani. Nimekula ugali na msemo ule miaka yote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akamwendea Bi Mwanaidi. Wameuza kwenye gulio moja miaka mingi, tenga kwa tenga.

“Mwanaidi, nilikuwa nije kukuambia mwenyewe. Nilimwambia huyu bwana akuambie kwanza, akasema ngoja bati. Nimekukosea, na sitakuomba unisamehe hapa mbele za watu.” Akavuta pumzi. “Lakini wewe ndiye mwenyekiti wa shule. Nikisaini, sina nyumba, na mumeo akinioa atanileta kwako. Nisiposaini, mjukuu wako anashuka mtoni mwakani. Niambie nifanye lipi.”

Mzee Abubakari alifungua mdomo.

“Wewe nyamaza,” wanawake wote wawili wakasema.

Bi Mwanaidi alitazama lile kundi la watoto. Mjukuu wake alikuwa mstari wa mbele na shada lililobaki shingoni, hajui kinachoendelea, anatabasamu kwa bibi yake. Akamtazama mumewe kwa kitambo, kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akachukua kalamu kwenye boneti na kumpa mama yangu.

“Saini.”

Mama alishika kalamu. Akainama kwenye fomu, akaanza kuandika.

“Saini, Salama, watoto wapate shule,” Bi Mwanaidi akaendelea, anajifunga khanga kiunoni kama anakwenda msaragambo. “Na leo hii jioni hamia kwangu. Jiko unalijua. Ng'ombe mwekundu anapiga mateke, mkamue upande wa kulia. Huyu bwana anapenda chai ya tangawizi na hapendi kuulizwa maswali. Nakuachia.”

“Mama Rahma, sasa wewe unakwenda wapi?” Mzee Abubakari akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Mwanaidi alinigeukia mimi.

“Mwalimu, begi langu bado liko juu ya dawati lako?”

“Liko, Mwenyekiti.”

“Libebe ulipeleke kwenu. Chumba cha mama yako nakichukua mimi. Kitanda chake ni futi ngapi?”

Nilianza kupima hewani kwa shubiri. Bi Mwanaidi alikuwa ameshaanza kupanda njia ya kinuni, mgongo umenyooka, na umati ulimpisha pande mbili.

Mama aliacha kuandika. Alimfuata kwa macho mpaka khanga yake ikapotea kwenye ukungu, kisha akamtazama Mzee Abubakari, kisha akaitazama ile nyumba. Kalamu ilikuwa hewani. Kwenye fomu kulikuwa na neno moja tu, Salama.

Dereva aliwasha gari. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka kwenye karatasi.

“Mama,” Injinia Jenoveva akasema taratibu, “bado jina la pili.”